Utamu wa Kisima cha Bondeni

Mbwa ndio waliotangulia kuyapenda yale maji.

Mama Cherehani, ndivyo mji mzima ulivyomwita ingawa hakujaliwa mtoto, alikuwa na chumba cha ushonaji kilichotazamana na kisima cha mtaa wa bondeni. Asubuhi moja alifungua dirisha kupata mwanga, akawaona mbwa wamekizunguka kisima, wakubwa kwa wadogo, wenye kwao na wasio na kwao. Hawakubweka wala kugombana. Kila mmoja aliinamisha kichwa akiramba saruji pale yanapodondokea maji ya pampu. Alipopiga makofi kuwafukuza, waligeuka wote kwa pamoja wakamtazama, kisha wakarudi kwenye kuramba kwao.

"Mbwa wana kikao," alimwambia mama mkwe wake.

"Labda wanachagua mwenyekiti," alijibu bibi kizee yule bila kuinua macho kutoka kwenye kifungo alichokuwa akikishona. "Wakipata anayefaa watuazime."

Watu husema mke na mama wa mume hawapiki jiko moja, lakini hawa wawili walikuwa wakiishi pamoja tangu mume wa Mama Cherehani alipofariki. Mmoja alikata na kushona, mwingine alitia vifungo na kusengenya wateja wakishaondoka. Ulimi wa mama mkwe ulikuwa mkali kuliko mkasi, na nyumba ilichangamka kwa ajili yake.

Siku ile ile, wakinywa chai, mama mkwe alikishusha kikombe. "Leo umenitilia sukari mara mbili, mwanangu."

"Sijatia hata chembe, Mama. Imeisha tangu jana."

Mama Cherehani alikwenda mtungini akachota maji matupu, akaonja. Yalikuwa matamu. Si utamu wa kukufanya ushtuke. Ulikuwa utamu wa mbali, uliojificha nyuma ya ulimi na kukudai unywe tena ili uuhakikishe.

Kizuri chajiuza. Haukupita muda mrefu habari zilifika mitaa ya juu, watu wakawa wanateremka na madumu, wanapita visima vyao wenyewe kufuata kile cha bondeni. Walisema ni baraka, walisema mvua za mwaka ule zimeosha ardhi mpaka kwenye kiini chake. Wenye watoto wagumu wa kunywa uji walishukuru.

Ila mbwa walianza kutembea upande upande. Ungemwona mmoja amekaa katikati ya barabara, ametulia, mate yakimchuruzika, pikipiki zikimkwepa. Baadaye walilala, hapa kwenye ngazi, pale chini ya gari, na waliolala hawakuamka. Watu wakasema ni kichaa cha mbwa, wakawazika. Ndipo mtaa ulipopata ukimya ambao Mama Cherehani hakuuzoea. Vyura wa mtaroni nao walikuwa wamenyamaza, hakuna aliyeweza kusema lini. Alipoisimamisha cherehani ili avute uzi, alisikia pampu tu, ikipanda na kushuka, na miguu ya watu waliosimama foleni bila kuzungumza.

Mama mkwe naye akawa anacheka peke yake. Alianza kupepesuka akitoka chumbani, na maneno yakawa yanamtoka yamelegea, yule ambaye neno lake lilikuwa halikosi shabaha. Mama Cherehani aliyanywa kwa chai tu, lakini yeye kikombe hakikumtoka mkononi. Siku moja alimkabidhi Mama Cherehani shati la mwanafunzi alilolimalizia. Vifungo vilikaa sawa. Lakini mikono ya shati ilikuwa imeshonwa ikazibwa kabisa mwishoni, kwa mishono midogo, mizuri, iliyolingana.

"Mama, hii mikono?"

"Nimefunga," alisema akitabasamu. "Asije akatoka."

Mama Cherehani alikaa akaifumua ile mishono mmoja mmoja.

Jumapili mchana Spana alikuja kumwona mama yake. Spana alikuwa mdogo wa marehemu, fundi wa malori mwenye gereji kubwa juu ya mteremko, na alikuwa hajaonekana tangu mvua zipungue kwa sababu ya kazi. Huko kwake alikuwa na tangi lake, maji ya kisima hakuyajua. Mama yake alimpokea kwa furaha iliyopita kiasi, akamjazia bilauri kwa mikono inayotetemeka.

"Kunywa, mwanangu. Maji ya nyumbani."

Spana alipiga funda moja. Hakulimeza. Alisimama nalo mdomoni, mashavu yamejaa, macho yameganda, kisha akatoka nje akalitema. Aliporudi uso wake ulikuwa umepauka kama jivu.

"Shemeji, maji haya mnayanywa tangu lini?"

"Tangu mwisho wa mvua. Kwani yana nini?"

Spana aliubeba mtungi akaumwaga wote uani.

"Una wazimu wewe?" mama yake aliuliza taratibu, kama anayeuliza saa.

"Mama, usinywe tena. Nakuomba." Kisha akaondoka kwa miguu akipanda mteremko, gari lake akaliacha mlangoni.

Mama Cherehani alimfuata. Alimkuta nyuma ya gereji, kwenye majani yaliyokauka yakawa meusi, amepiga magoti kando ya kisima cha zamani kilichoachwa kabla wao hawajazaliwa. Kifuniko cha bati alikuwa amekisogeza. Harufu iliyotoka ilikuwa ya mafuta machafu, na chini yake kulikuwa na ule utamu.

"Kila fundi amewahi kuinyonya kwa mpira," Spana alisema. "Ile dawa ya kijani ya kupoza injini. Unavuta, inakupitia mdomoni. Utamu wa sumu ile siwezi kuukosea, shemeji."

"Na humu?"

"Humu ndimo tunamomwaga. Hiyo, na oili, na maji ya betri. Kisima kilikuwa kikavu, hakina mwenyewe. Tukimwaga jioni, asubuhi tunakikuta kitupu. Nilifurahi. Hata siku moja sikujiuliza vinakwenda wapi."

Mama Cherehani aliinama. Hakuona kitu ila giza, lakini alisikia. Chini kabisa palikuwa na sauti ya polepole, yenye kituo baada ya kituo, kama koo la mtu anayekunywa bila haraka.

Akarudi nyuma.

"Tukifukia leo," Spana alisema bila kumtazama, "nani atajua?"

"Kilichokwisha kushuka kitapanda kwa kufukia? Mama yako ana kikombe mkononi. Twende."

Waliteremka pamoja mpaka kwenye foleni. Mbele ya watu wote, jua likiwa kichwani, Spana alifungua nati za mkono wa pampu, akaung'oa, akaukumbatia kifuani. Akasema ni yeye. Akasema alichomwaga, na wapi. Mama Cherehani alisimama ubavuni pake akisubiri mawe.

Hakuna aliyeinua jiwe. Walimtazama tu, midomo yao ikitembea kidogo, wakijiramba. Kisha muuza mkaa, mtu mzima mwenye heshima zake, akasema kwa upole, "Sawa, kijana. Tumekusikia. Lakini tupe angalau ndoo moja moja ya mwisho."

Wengine wakaitikia. Mama Cherehani aliogopa pale kuliko alivyoogopa kule kisimani.

Mama mkwe alizimia jioni ile. Daktari alisema figo zimekwisha, akauliza amekuwa akinywa nini. Alipewa maji safi akayakataa, akasema ni machungu, akamwomba mkwe wake yale ya nyumbani mpaka sauti ilipokwisha. Alizikwa mwezi ule, na muuza mkaa akamfuata, na baada yake watoto wawili wa mtaa wa juu. Spana alijipeleka polisi mwenyewe, akafungwa. Wakaguzi waliokuja kutafuta shimo lake waliyakuta mengine: la machinjio, la wapaka rangi, la zahanati, na vyoo vilivyochimbwa mpaka kwenye mkondo wa maji ya chini ya ardhi. Ilikuwa kana kwamba mji mzima ulikuwa umekaa juu ya mdomo mmoja ukiulisha.

Bomba jipya lilivutwa kutoka ng'ambo ya mlima, na kisima kikazibwa kwa saruji. Spana alipotoka kifungoni hakurudi gereji. Mama Cherehani alimpa chumba cha mama yake, na watu waliosema walisema mpaka wakachoka.

Alfajiri moja Spana alimwamsha kwa kumgongea mlango. "Shemeji, njoo uone."

Saruji ya kisima ilikuwa imechimbwa pembeni, kidogo kidogo, kwa kitu kama kijiko. Tundu lilitosha kupitisha kikombe kwa kamba. Pembeni palikuwa na kikombe cha bati, ndani yake mkiwa bado na unyevu.

Spana alikoroga saruji mpya, Mama Cherehani akashika mwiko, wakaziba kabla mtaa haujaamka. Kisha wakatoa viti viwili wakakaa pale, mmoja huku na mwingine kule, wakisubiri ikauke.