Mshenga Hainuki

Zubeda hakuwahi kusimama mbele ya darasa la Kiingereza la jioni pale Keko, maana aliogopa kuchekwa. Leo hakuwa na pa kukwepea: kila mwanafunzi asome kisa cha posa alichotunga mwenyewe.

Wazo aliliomba kwa akili mnemba ya kwenye simu. Ikampa kijana aliyepiga magoti hotelini, pete mkononi. Akaona mambo si hayo!

Kumbe wenzake nao waliuliza hukohuko. Hope akasoma, kijana kapiga magoti. Praygod akasoma, kapiga magoti.

"Jamani, na huyu naye!" darasa likaangua kicheko. "Magoti hayawaumi?"

"Zubeda, zamu yako," akasema Madamu Demetria, mwalimu wao.

Zubeda akainuka, jasho likimtoka. Karatasi yake ilikuwa na magoti yaleyale. Akaikunja, akaanza kusimulia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga siku dada yake alipoposwa. Baba alileta kiti kipya kutoka kwa mafundi, vanishi haijakauka, mshenga akakikalia. Wazee wakasema watajibu wiki ijayo. Wakamuaga, hainuki. Wakamuaga tena, katulia tu na kanzu yake. Shangazi akanong'ona, "King'ang'anizi huyu, mpeni jibu lake aende!" Posa ikakubaliwa palepale.

Darasa likacheka hadi madamu akafuta machozi.

"Sasa sista, kanzu ilibanduka?" Praygod akadakia.

"Tulia wewe," Zubeda akamjibu kwa Kiingereza, bila hata kutafuta maneno. "Sijamaliza."