Baki Lililotupwa

Mlango wa chuma ulijifunga kwa kishindo, na Mwenze akabaki ndani pamoja na makreti ya samaki. Alikuwa amevuka ziwa kutoka Zaire kuja kukagua kompyuta ya chumba hiki cha baridi cha mjini Nchelenge, kwa sababu saa yake ilikimbia mno. Sasa aliamini. Nje wanawake walikuwa bado wanaanika dagaa wa chisense juani, lakini mashine ilidhani ni saa kumi na mbili jioni, ikafunga. Ingefungua saa kumi na mbili asubuhi. Programu aliiandika mwenyewe. Kingsley, mwenye chumba, alikuwa ameung'oa mpini wa ndani wa mlango kwa kuogopa wezi, na leo alikuwa mjini Mansa, ufunguo mfukoni. Mwenze alikuwa amevaa shati jepesi. Asubuhi wangemkuta ameganda.

"Ba Mwenze! Ungali unapumua?" Ilikuwa sauti ya Eness, msimamizi wa chumba.

"Ninapumua, mama. Shoka je?"

"Limevunjika mpini. Mlango hauna hata alama. Nizime jenereta?"

"Hapana! Umeme ukikatika, kufuli linabaki limefunga. Tusogeze saa mbele, mashine idhani ni asubuhi. Kaa kwenye taipu ya kompyuta hapo nje, andika SOGEZA, halafu sitini."

Sitini hizo zilikuwa sekunde. Yeye mwenyewe aliagiza saa isogezwe dakika moja moja, isije ikaruka na kuvuruga kumbukumbu za joto.

"Imejibu sawa."

"Rudia. Usiache."

Eness alirudia mpaka akachoka. "Ba Mwenze, hii mashini yako inanidanganya! Sawa, sawa, kama mume anayetumwa sokoni. Saa inakwenda mwendo wake uleule."

Miguu ya Mwenze ilikuwa imekufa ganzi. Alifumba macho na kuisoma programu kichwani, mstari kwa mstari. Ili saa isiruke, sekunde zinazoongezwa zinagawanywa mafungu mia, na kila pigo la saa linapewa fungu moja. Lakini mashine inahesabu namba kamili tu, baki linatupwa. Sitini ukigawanya kwa mia ni sifuri. Eness alikuwa anaongeza sifuri. Na mapigo ya kila sekunde aliyapata kwa kugawanya vivyo hivyo: baki likatupwa, kila sekunde ikawa fupi kidogo. Ndiyo maana saa ilikimbia.

"Mama! Andika tisa nne zikifuatana."

"Si ulisema kidogo kidogo?"

"Kidogo kinatupwa chote! Weka kubwa kuliko zote inazokubali."

"Na kumbukumbu za joto?"

"Ziharibike!"

Eness akaandika. Kisha kelele: "Inakwenda! Saa tatu usiku na robo!"

"Tena."

"Saa sita!"

Mara ya nne saa ilisimama kwenye kumi na moja na nusu alfajiri. Mwenze alitaka kusema tena, taya zikakataa. Akapiga mlango kwa kiwiko. Eness akaelewa, akaandika.

Kufuli lililia, mlango ukavutwa, joto la jioni likampiga usoni.

"Andika," alisema huku akitetemeka, akiinyooshea taipu vidole visivyokunjika. "Turekebishe ule mgawanyo..."

"Siandiki kitu," alisema Eness, akimburuta hadi kwenye jua. "Keti hapa kwanza."

Akaketi.