Ninywee Wewe

Jioni moja ya Januari 1997, Kyule alirudi nyumbani Kitengela kutoka machimbo ya mawe, akamwona mkewe Mbithe akianua nguo, akatoka njiani mbio na kujificha nyuma ya ua. Alidhani ni mama mkwe. Mkamba mwenye adabu hakutani na mama mkwe ana kwa ana, na jua lilikuwa limemwondolea Kyule akili zote likamwachia adabu. Mbithe alimfuata akamgusa shingo. Ilikuwa moto, kavu, bila tone la jasho.

Alimlaza kivulini, akammwagia maji kichwani na kumpepea kwa leso mpaka akamtambua.

"Baba Katee, kwani huko hamkunywi maji?"

"Pipa iko, lakini ni ya mashine ya kukata mawe. Foremani anasema mashine ikishika moto inaharibika. Chupa zetu tunaacha kwa geti, ati mtu akikunywa anaenda msalani kila saa."

"Utakufa uniache na hawa watoto."

"Sasa nifanye nini? Ninywee wewe," Kyule alisema, akasinzia.

Kesho yake asubuhi Mbithe alikunywa kikombe cha maji akimwazia. Koo lake halikulowa. Kule machimboni Kyule alicheua, akatoka jasho zuri. Kufikia adhuhuri alikuwa amekwenda nyuma ya mgunga mara mbili, na foremani akampekua akitafuta chupa. Hakupata kitu.

Tangu hapo Mbithe alimnywea kutwa, maana alimpenda sana mtu huyo, pamoja na ubishi wake wote. Akitia sukari na chumvi kidogo, Kyule hulamba midomo akiwa na nyundo mkononi. Siku aliyosahau akanywa chai ya moto, waligombana hadi wakati wa kulala.

Lakini midomo ya Mbithe ilianza kupasuka, na kichwa kikawa kinamgonga. Jirani yake Fosiya, muuza maziwa, alikuwa amefunga Ramadhani. Alimtazama akimaliza jagi.

"Mama Katee, unakunywa mchana yote na umekauka kunishinda."

"Hii si yangu, Mama Hanad. Ni ya Baba Katee."

"Basi akirudi na yeye akunywee."

Ikawa hivyo. Adhana ya magharibi ikilia, Fosiya akifungua kwa tende, Kyule huketi mlangoni na kunywa maji ya mkewe polepole, akimtazama mpaka midomo ilainike. Mbithe, mwimbaji wa kwaya, akawa amefunga Ramadhani bila kukusudia. Wake wa wachimbaji wengine waliona, wakaanza nao.

Kabla ya Idi, foremani alimweleza mwenye machimbo kwamba hakuna aliyeanguka tena. Watu hawa wamezoea jua, alisema, mambo ya maji ya kunywa yaachwe. Mwenye machimbo alifurahi, akaongeza mashine ya pili na pipa lake.

Habari hizo zilimfikia Fosiya akipima maziwa.

"Mimi nafunga juu ya Mungu," alimwambia Mbithe. "Wewe unafunga juu ya nani?"

Mbithe alifikiri kidogo.

"Juu ya foremani," akasema, akajaza kikombe, kwa kuwa ilikuwa karibu saa sita na Kyule alikuwa juani.