Kadi za Mwisho

Herufi zilishuka upande wa kushoto wa karatasi, jozi chini ya jozi: NN, RW, NN, JA, BM, NN. Ukurasa mzima, juu hadi chini. Nangila aliweka kidole kwenye jozi ya kwanza na hakukiondoa.

"Soma," aliniambia.

Ilikuwa karatasi niliyoibana kwa mkono wangu nyuma ya ripoti yangu, miezi saba iliyotangulia. Nilikuwa sijawahi kuisoma.

Nitaeleza kwa mpangilio, kwa sababu mpangilio ndio hasa uliochezewa.

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka ishirini na saba, nina digrii ya hisabati, na nilifanya kazi katika kampuni iliyosambaza vipuri vya magari kutoka ghala moja la Viwandani hadi maduka ya nchi nzima. Oda zilifika kwa barua na kwa simu. Wanawake tisa katika chumba cha panchi walizitoboa kwenye kadi za kusomwa na kompyuta, oda moja kadi moja, na kila kadi ilipitia mikono miwili: wa kwanza alitoboa, wa pili alipiga upya yale yale, na mashine ikagoma pale walipotofautiana. Kiongozi wao alikuwa Nangila. Tulikulia Kaloleni, milango yetu ikitazamana, baba zetu wote wawili watu wa reli.

Chumba kile kilikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Aliyemaliza bunda la kadi mia mbili aliongeza moja nyuma yake, isiyo na oda, yenye herufi za jina lake na idadi tu. Waliiita kadi ya mwisho. Ilisema: mpaka hapa ni mimi, niulizeni mimi. Kompyuta iliiruka. Nami niliiruka.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imechoka. Lori la Kisumu lilipotakiwa kuondoka saa mbili asubuhi, hati zake zilikuwa bado zinachapwa. Wauzaji wawili wakatuletea mashine za daraja la kati, bei zikikaribiana. Majina yake yalikuwa namba ndefu, kwa hiyo ofisi iliziita kwa rangi za makabati yake, Kijivu na Bluu. Kijivu ilisoma kadi, na ingeacha chumba cha panchi kama kilivyo. Bluu haikutaka kadi. Ilikuja na skrini kumi na mbili, na karani wa kila idara angeingiza oda zake mwenyewe. Kuchagua mashine kulikuwa kuamua pia kuhusu wanawake tisa, na kila mtu alilijua hilo, kuanzia mkurugenzi hadi mpika chai.

Kazi ya kupima nilipewa na mkuu wetu wa kompyuta, Patrobas Nyongesa. Yeye ndiye aliyeniajiri. Miaka mingi aliongoza kwaya ya kanisa letu, na baada ya mazoezi alinifundisha kuchora njia ya programu kwa chaki kwenye benchi la nyuma. Mimi na Nangila tulimwita mjomba, ingawa hakuwa wa damu kwa yeyote kati yetu.

"Hawa akina dada wataanza kukuletea maandazi," aliniambia. "Kula maandazi, mwanangu, lakini amini saa."

Nilifurahi. Ndivyo nilivyokuwa nikifikiri mwenyewe.

Nangila hakuleta maandazi. Alinisubiri langoni.

"Mjomba anasema wewe ndiye utachagua."

"Sichagui. Napima. Itakayomaliza mapema ndiyo hiyo."

"Na ikiwa Bluu?"

"Itakuwa Bluu."

"Haya, Madam Saa. Angalau tutajua tumefukuzwa na mtu aliyesoma." Kisha akaacha kucheka. "Ni sawa. Ukiniambia ni haki, nitawaambia wenzangu ni haki. Watanisikia."

Nilichukua oda za siku kumi na nne, kadi zikiwa kama zilivyotoka mikononi mwao, zikanakiliwa kwenye tepu mbili za kompyuta, moja kwa kila muuzaji. Kazi ilikuwa ile ile: zipange oda kwa namba za vipuri, zipunguze kwenye akiba ya ghala, zichape hati za maduka. Kupanga ndiko kulikokula muda. Tepu zilikaa siku tisa katika kabati la Patrobas, na ufunguo ulikuwa wake peke yake. Kijivu ilichukua saa mbili na dakika kumi na moja. Bluu ilichukua saa moja na dakika ishirini na nane. Nilipima mwenyewe, nimesimama, saa mkononi.

Ripoti ilikuwa ya kurasa kumi na nne na sahihi moja. Mwishoni niliambatisha, kama ushahidi, ukurasa wa kwanza wa orodha ambayo kila mashine iliichapa ya vitu ilivyovisoma.

Nilikwenda chumba cha panchi kuwaambia mwenyewe. Nangila alisikiliza hadi mwisho, akasimama, akawageukia wenzake. "Ni haki," alisema. Waliondoka mwisho wa Desemba. Siku hiyo walizifunika mashine zao kwa vitambaa, kama walivyofanya kila jioni.

Bluu ilianza Januari. Kazi ya saa moja na nusu ikachukua saa tatu na nusu. Nikasema makarani hawajazoea. Wiki ya sita, saa tatu na nusu. Kupanga namba hakuhitaji karani. Lori la Kisumu likaanza tena kuondoka bila hati.

Patrobas hakuwepo kuulizwa. Desemba alikuwa amehamia kwa waliotuuzia Bluu.

Jumapili moja ya Machi nilikuwa na ripoti mezani nyumbani, narudia hesabu kwa mara ya nne, Nangila alipokuja kumjulia hali mama yangu. Aliichukua, akaifungua nyuma, si mbele. Aliupita ukurasa wa Kijivu, uliokuwa na oda peke yake. Akafika ule wa Bluu.

"Kadi zetu za mwisho zinafanya nini hapa mwanzo?"

Kadi isiyo na namba ya kipuri, ukizipanga kadi kwa namba, hupanda juu ya nyingine zote. Kwenye tepu yangu kulikuwa na moja baada ya kila oda mia mbili. Hapa zilikuwa zimekusanyika zote. Kwa hiyo tepu ilipangwa kabla ya kufika kwenye mashine. Bluu ilikuwa imepewa mbio ambazo sehemu kubwa ilikwishakimbiwa, na mimi nilikuwa nimesimama pale na saa.

"Niliwaambia ni haki, Warigia," alisema Nangila. Hakupandisha sauti. "Nilisimama nikawaambia."

Jumatatu baada ya kazi nilikwenda Donholm, kwenye nyumba mpya ya Patrobas. Mkewe alileta chai. Patrobas alivaa miwani, akautazama ukurasa kwa makini, kama alivyotazama kazi zangu zamani.

"Saa yako ilidanganya?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi ripoti yako ni ya kweli."

"Tepu ilipangwa, mjomba."

Alinirudishia karatasi. "Ningeweza kumpa mwenzako Chege ile kazi. Chege haaminiwi na yeyote, kila mtu angekagua alichoandika. Wewe hakuna aliyekukagua." Alinisogezea bakuli. "Ongeza sukari."

Nilimwandikia mkurugenzi. Aliulinganisha ukurasa mmoja na mwingine, akaniuliza sahihi kwenye ripoti ni ya nani, na shauri likaishia hapo. Bluu ilidumu miaka kumi na mmoja.

Mwaka 1988 kanisa lilinituma kuchukua majoho mapya ya kwaya. Yalishonwa Kariobangi, katika karakana ya Nangila, na wanne kati ya wale tisa walikuwa hapo, wameinamia cherehani. Walinisalimu vizuri. Majoho yalifungwa mabunda manne, na juu ya kila bunda kulikuwa na kipande cha karatasi chenye herufi mbili na idadi.

Nangila aliniletea kitabu cha kupokelea na kalamu. Niliishika kalamu, nikainama.

"Soma kwanza," alisema, "halafu utie sahihi."

Nikaweka kalamu chini. Nilifungua mabunda yote, nikahesabu majoho ishirini na manne, moja moja, mbele yao. Nangila hakusema kwamba hakuna haja.