Waliokwenda na Nyasi Mkononi

Mimi sina subira, na wanaonijua wananivumilia hivyo hivyo. Siku niliyomchukua bibi yangu, Koko Naisula, kutoka Endulen kumpeleka kwa fundi mawe wa Rhotia, nilikuwa nimenuna njia nzima.

Jiwe letu la kumbukumbu lilibakiza jina moja tu. Mengine yote fundi huyo, Clemensi, alishayachonga: majina ya wanaume wa kwetu waliopigwa risasi na askari wa mkoloni, walipokwenda kumwomba bwana shauri, Mzungu aliyetawala wilaya, asiwafukuze kwenye maji yao. Hawakubeba mkuki wala rungu. Walishika nyasi mkononi, na kwetu Wamasai mtu aliyeshika nyasi anaomba amani, hata adui yake humsikiliza. Wao hawakusikilizwa. Nikiliwaza hilo mpaka leo nashikwa na hasira.

Jina lililokosekana ni la baba yake Koko, na jiwe lilikuwa linasimamishwa kesho yake.

Kwetu marehemu hatajwi. Mtu akifa jina lake huzikwa naye, na kijana mwenye jina kama hilo hubadilishiwa. Familia nyingine zimelegeza siku hizi, zikataja. Koko naye kabatizwa, Jumapili hakosi kanisani, lakini kila nikimwuliza hujibu, "Marehemu hatajwi," anaendelea na chai yake.

"Koko," nikamwambia pale kwa fundi, "usipotaja leo, baba yako amepotea. Itakuwa kama hakuzaliwa. Ndivyo unavyotaka?"

Akageuka kulitazama jiwe.

"Wenzako wametaja na hakuna aliyedhurika. Hiyo sasa si mila, ni ukaidi."

"Dada, taratibu," Clemensi akasema. "Huyo ni mama yetu."

Koko akakaa juu ya gunia la saruji, akajivutia shuka mabegani.

"Beatrice, sikatai. Silijui."

"Hulijui vipi, baba yako mzazi?"

"Nilikuwa mdogo, nachunga ndama. Nilimwita Papa. Mtoto hamwiti baba yake kwa jina. Alipouawa, mama hakulitaja tena. Baba zangu wadogo hawakulitaja, walimheshimu. Ningemwuliza nani? Wakaisha wote. Nikawa nasema mila, mila, kwa aibu. Mtoto gani asiyejua jina la baba yake?"

Akalia. Hata tulipomzika mama yangu, Koko hakulia mbele za watu. Nikakaa chini karibu naye, nikamshika mkono.

Clemensi akauliza kwa upole, "Mama, watu walikuwa wanamwitaje nyumbani?"

"Menye Naisula. Baba yake Naisula. Mimi ndiye kifungua mimba wake."

"Basi hilo linachongeka," akasema, akachukua patasi yake.

Koko akamwangalia akipima herufi. Alikuwa ameshafuta machozi.

"Nikifa mimi, na hilo nalo mtalinyamazia, maana lina jina langu ndani yake," akaniambia.

"Hapana, Koko. Nitalitaja kila mwaka, mbele ya watu wote."

"Usinitaje," akasema kwa ukali. "Mimi nikifa niheshimu kama tulivyomheshimu yeye. Peleka watoto wako pale kwenye jiwe, wasome wenyewe, na wewe ukae kimya."

Nikamkubalia, na hapo ndipo nilipolia mimi.