Nukta Mbili Chini ya Rangi Nyekundu

Mama Mapacha alipitisha ukucha juu ya pistoni ya kalipa, kile kibanio cha breki ya gurudumu. Ukakwama. Akaigeuza, akapitisha tena. Ukakwama.

"Hii imekwisha," alimwambia dereva wa gari la shule. "Kutu imeila. Hata nikiiwekea mipira mipya, mafuta yatavuja hapa kwenye vishimo."

Dereva alikuwa amechuchumaa kando ya gari, lililoinuliwa kwa jeki, gurudumu la mbele limetolewa. "Dada, piga msasa tu. Mwenye gari hataki kusikia habari za kalipa mpya."

"Msasa utaing'arisha, hautaiponya. Jino bovu unalipaka rangi?"

Dereva alishusha sauti, kama vile gari lingemsikia. "Juzi pale mteremkoni nilikanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini. Gia ndiyo iliyoniokoa. Watoto wakashangilia, wakidhani nawachezesha."

Wawili kati ya watoto hao walikuwa wa Mama Mapacha. Jioni ile walirudi wakisimulia kwa furaha jinsi gari lilivyopaa.

"Mpigie huyo mwenye gari," alisema. "Nipe simu, niongee naye mwenyewe."

Alibembeleza, akaapa, akabembeleza tena. Mwishowe mwenye gari akaguna: haya, wekeni mpya. Bosi wa gereji, ambaye ndiye pia aliyeuza vipuri, akaleta boksi kutoka stoo huku akitabasamu.

Kalipa iling'aa kwa rangi nyekundu. Mama Mapacha aliigeuza kutafuta tundu la bolti, kidole kikagusa nukta mbili zilizozama kwenye chuma.

Akazijua. Alizigonga yeye mwenyewe, kwa msumari na nyundo. Kila kalipa aliyoifufua aliigonga nukta moja. Iliyokufa, mbili, fundi mwingine asije akadanganyika. Hii aliitupa kwenye vyuma chakavu miezi miwili iliyopita.

"Bosi, hii si mpya. Niliikataa mimi."

"Mpya ni ile iliyo ndani ya boksi."

"Itaua watoto."

"Mkaguzi wa magari keshagonga muhuri kwenye cheti, wala hakutoka kitini. Wewe ni mkaguzi?" Bosi alitazama saa yake. "Saa tisa shule inatoka. Funga. Au unadhani kuna gereji nyingine itakayompokea fundi wa kike, tena mwenye ulimi kama huo?"

Hakudhani hivyo. Alishazunguka gereji sita kabla ya kupata hii. Dereva akageukia pembeni, kama anayeangalia mawingu.

Mama Mapacha akaibana kalipa kwenye jiliwa. Akachukua nyundo kubwa. Pigo la kwanza lilibandua rangi tu. La tatu likavunja sikio la bolti, kipande kikaruka hadi mlangoni.

Mafundi wengine wakaacha kazi, wakageuka.

"Sasa hata boksi halitaisaidia," alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka.

Bosi hakufoka. Alifuta mikono, akaingia stoo, akarudi na boksi jingine kama lile. Akamwita fundi wa upande wa pili.

"Kaka," Mama Mapacha alimwambia dereva, "wewe ndiye uliyekanyaga breki, mguu ukazama. Sema kitu."

Dereva akaanza kulivingirisha gurudumu, taratibu, kulisogeza karibu na gari.