Mistari Miwili Getini kwa Merv

Baba yetu Merv alikuwa mtu mbaya, na nasema hivyo mimi bintiye niliyemlisha kwa kijiko hadi mwisho. Alipoona anakufa aliwaita ndugu zangu wawili wa kiume kitandani akawaambia gari lake jekundu litakwenda kwa yule atakayemuaga vizuri siku ya mazishi. Mama, alisema, ndiye atakayetoa funguo.

Kwetu huku kaskazini mwa Adelaide hilo halihitaji maelezo. Jeneza likishapita, gari la marehemu linasimamishwa getini, breki za mbele zinakanyagwa, na magurudumu ya nyuma yanazungushwa palepale mpaka mtaa wote unajaa moshi. Kisha linaachiwa liondoke. Lami ikibaki na mistari miwili myeusi, umeagwa. Ukionekana mstari mmoja tu, aliyekuwa kwenye usukani atachekwa mpaka naye azikwe.

Shane, mdogo wetu, alilitaka gari lile kuliko kitu chochote duniani. Miaka yote ndiye aliyelala chini yake pamoja na mzee, akimshikia tochi na kutukanwa. Darryl, mkubwa wetu, alihama mapema, akafungua karakana ya difu, ile gia ya nyuma inayogawia magurudumu nguvu ya injini, upande wa pili wa mji, na hata Krismasi hakupiga simu. Yeye gari alilitaka kwa sababu Shane alilitaka.

Tatizo ni kwamba difu ilikuwa imevunjika. Mzee aliichomelea mwenyewe zamani, magurudumu ya nyuma yakawa yanazunguka sawasawa kama yamefungwa kamba moja. Kwa kupiga moshi hakuna kama hiyo, ila kwenye kona ilipiga mayowe na kula matairi, na mwishowe meno yake yalisagika. Shane akabaki na kazi ya kuchagua nyingine, na mjinga yule, nampenda lakini ni mjinga, akaenda kwa Darryl. Mimi ndiye niliyempeleka.

Shane alisema anataka iliyo bora, na Darryl akapanga difu tatu mezani.

"Haya mdogo wangu, chagua mke. Huyu wa kwanza kafungwa moja kwa moja, kama ile ya mzee. Mkorofi, majirani wote watamjua. Wa pili ana sahani za msuguano, zitaisha, utarudi hapa unalia. Sasa huyu wa tatu..." Akaipapasa. "Ndani gia tu, hana sahani. Anagawa nguvu mwenyewe, kimyakimya. Ndiye bora niliye naye."

"Baadaye nataka niwe nampeleka binti yangu Maddie shule nalo," Shane alisema. "Sitaki kelele kwenye kona."

"Basi si ushajijibu?"

"Na siku ya mzee je?"

"Shane, hii inafungwa kwenye magari ya mbio. We unaniuliza mimi habari za difu?"

Shane akaona haya, akacheka, akalipa, akaibeba ile ya tatu kwenda kuifunga.

Angalieni, Darryl hakusema uongo hata neno moja. Difu ile ni nzuri kweli. Ina tabia moja tu: gurudumu moja likikosa uzito likawa linaelea, hilo ndilo linalozunguka, na mwenzake hapati kitu. Na pale getini kwetu pana mfereji wa maji ya mvua, ambamo gurudumu la nyuma la kushoto hutumbukia likabaki linaelea. Darryl alikulia nyumba ile, kwa hiyo aliujua. Shane naye aliujua mfereji, lakini hakuijua difu. Aliomba iliyo bora, akauliza mara moja tu kuhusu siku ya mzee, na alipozungushwa akaona aibu kurudia. Wanaume wa kwetu ndivyo walivyo, afadhali wafe kuliko kuuliza mara ya pili.

Siku ya mazishi watu walipanga viti vya kukunja kando ya barabara, bia mkononi. Jeneza likapita. Shane akapanda gari na suti yake ya harusi, injini ikanguruma mpaka madirisha ya jirani yakatetemeka, na gurudumu la kushoto likaanza kuzunguka peke yake mferejini. La kulia lilitulia tuli. Alipoachia, gari lilijivuta kama mlevi, likaacha mstari mmoja mwembamba uliopinda.

Watu wakaanza. "Moja! Moja!" Kila mtu kidole kimoja juu. Maddie wake naye akainua kidole, akidhani baba yake anashangiliwa. Nilitamani ardhi inimeze.

"Shuka," Darryl alisema.

Akalirudisha gari palepale, mferejini. Nilikuwa nimesimama kwenye dirisha la gari, nikauona mkono wake ukivuta breki ya mkono kidogo tu, ule mzigo mdogo ambao gurudumu linaloelea linauhitaji ili mwenzake naye apate nguvu. Gari lilelile, difu ileile. Moshi ulipoondoka palikuwa na mistari miwili, myeusi, imenyooka.

Mama akampa funguo bila kumtazama.

"Ulijua," Shane alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Uliomba bora, nikakupa bora. Tatizo dereva, mwanangu." Na watu wakacheka tena.

Shane akavua koti. "Difu ni yangu. Naitoa."

"Itoe."

Akaingia chini ya gari mchana uleule, wageni wakila soseji na vitunguu juu ya kichwa chake. Mafuta mazito yalimmwagikia shati jeupe. Alipotoka alikuwa ameikumbatia difu kifuani, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona akitabasamu.

"Haya, lisukume mpaka kwako," alisema.

Darryl alimaliza kutafuna. Akaenda kwenye pikapu yake, akafunua turubai. Ilikuwa ile difu ya kwanza ya pale mezani, iliyofungwa moja kwa moja, imeshapimwa na kupakwa mafuta, na bolti zake mpya ndani ya kopo. Ilikuwa imekuja mazishini tangu asubuhi, kabla ya maua.

"Nilijua utaitoa," alisema. Akalala chini ya gari, akanyoosha mkono nje. "Huku chini giza. Nishikie tochi."

Shane akaiweka difu yake kwenye majani, akapiga magoti, akamshikia kama alivyokuwa akimshikia mzee.